Daftari, Simu na Benki Visomane, Lakini Tupange Kwanza
(Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi. Habari za tulikotoka Mama Katibu amekwisha kuzieleza katika kijitabu hiki, kwa hiyo hatutarudia. Sisi tumeona tuseme juu ya jambo moja lililo mbele yetu, maana wengine wanalisubiri kwa hamu na wengine wanaliogopa. Wote wana sababu.

Jambo lenyewe ni hili. Daftari letu la karatasi tunataka liingie katika programu ya simu. Programu hiyo isomane na akaunti ya kikundi ya pesa za simu, na akaunti hiyo isomane na benki mjini Ifakara. Mama akitoa hisa akiwa shambani, daftari lijue, benki ijue, na wanachama wote wajue. Hapo kuna vitu vitatu vyenye wenyewe watatu, na sisi wenye pesa ni wa nne.

Jambo hili si geni. Hata mtindo wetu wa hisa na sanduku ulianza mbali, nchini Niger mwaka 1991, kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, ukatufikia. M-Pesa ilianza hapa Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2019 Vodacom na Benki ya Posta, ambayo sasa inaitwa TCB, wakaleta M-Koba kwa ajili ya vikundi. Kwa hiyo njia ipo. Lakini njia kuwepo si sababu ya kuondoka bila kufunga mzigo.

Akina mama wa umri wetu mtakumbuka hati punguzo, iliyoanza mwaka 2004. Kliniki inampa mjamzito hati, anakwenda nayo dukani, anaongeza pesa kidogo, anapata chandarua. Muuza duka naye anaipeleka hati ile kwa anayemletea vyandarua. Mama hakuwa na haja ya kuwajua wote hao, lakini kila mmoja ilibidi aijue kazi yake. Mmoja tu akikosekana, mama anarudi nyumbani na karatasi mkononi, na mbu wa Namawala mnawajua, watafiti wa Ifakara wamewahesabu miaka na miaka. Basi kuunganisha mifumo ni vivyo hivyo. Mashine yaweza kuwa nzuri, lakini lazima iandikwe nani anafanya nini, na mmoja akishindwa inakuwaje. Kuandika huko hatuwezi kumwachia mwenye kampuni, maana yeye anaijua programu yake, na kikundi tunakijua sisi. Kamati yetu imekaa na kupanga mambo matano.

Kwanza, majina. Katika daftari letu tunaandikana Mama Neema, Mama Asha, Mama Rehema. Mama Neema wako watatu, na sisi tunawajua kwa sura. Simu haijui sura. Tena mtakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wenzetu ambao hawakuwa na namba ya NIDA wakatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mume au mtoto. Leo mama akituma hisa, simu inasoma jina la baba watoto. Hisa ni ya nani hapo? Siku ya mgao patakuwa na maneno. Kwa hiyo tumeamua namba ya kitabu cha mwanachama ndiyo iwe jina lake kila mahali, kwenye daftari, kwenye programu na kwenye malipo. Jina la laini litaandikwa pembeni tu. Na yule ambaye laini si yake tutafuatana naye akasajili yake mwenyewe.

Pili, funguo. Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu wa nyumba tatu, na wote si viongozi. Hatukufanya hivyo kwa kutoaminiana. Tulifanya hivyo ili asiwepo wa kusingiziwa. Simu nayo ifuate desturi hiyo. Pesa isitoke mpaka watatu wameidhinisha, kila mmoja kwa namba yake ya siri, na kijana wa kampuni asiwe na ufunguo wa kutoa hata shilingi. Yeye programu yake isome tu kilichoingia na kilichotoka.

Tatu, mtandao ukikatika. Masika huku tunaijua. Pesa inaweza kutoka kwa mama na ujumbe usifike. Mama akidhani haikwenda, anatuma tena, inakuwa mara mbili. Au ujumbe mmoja unakuja mara mbili, daftari linaandika hisa mbili. Dawa yake ni namba ya muamala. Kila malipo yana namba yake, na programu ikiiona namba iliyokwisha kuandikwa isiandike tena. Na sisi tusitume mara ya pili kabla ya kuangalia salio. Kila siku ya mkutano Mama Mweka Hazina atalinganisha daftari, simu na benki mbele ya wote. Vikitofautiana hata kwa shilingi mia, hatukopeshi mpaka tujue ilikokwenda.

Nne, gharama. Julai 2021 serikali iliweka tozo ya miamala ya simu, na Septemba mwaka huohuo ikaipunguza. Si kampuni iliyoamua, wala si sisi, lakini mtumaji alilipa. Ukijiunga na vya wenzio, bei inaweza kubadilika wewe umelala. Basi iandikwe makato yanatoka wapi, kwa mwanachama au mfuko wa kikundi, na yakizidi kiwango tutakachokubaliana mkutano uitwe.

Tano, kutoka. Jamani, kila mlango wa kuingilia tuulizie na wa kutokea. Kampuni ikifunga au tukiichoka, daftari letu tunalirudishaje? Tunataka kila mwezi tupewe nakala nzima iliyochapwa, ikae ndani ya sanduku. Na madeni ya akina mama yasiwe habari ya watu wa nje. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuna Tume inayoisimamia. Kampuni ituonyeshe kwanza cheti chake cha usajili kwenye Tume hiyo.

Sasa, tutaanza lini? Vijana wetu wanasema leo. Sisi tunasema si wakati wa mgao, maana pesa ile ni ya ada na ya kulimisha mashamba, haichezewi. Tutaanza baada ya mavuno ya mpunga, na wanachama wachache waliojitolea, karatasi na simu zikienda pamoja kwa miezi mitatu. Hesabu zikilingana mikutano yote, wengine waingie. Zisipolingana tunasimama, tunatafuta sababu.

Na bibi zetu wasio na simu wasihofu. Wataleta hisa mkononi kama walivyozoea, wataingizwa mbele ya mkutano, na kitabu chao kitagongwa muhuri. Kama mpango hauna nafasi ya bibi aliyekuwa nasi tangu sanduku likiwa tupu, basi mpango huo si wetu.

Ndugu mgeni rasmi na wafadhili, risala nyingi huomba mashine. Sisi tunaomba mambo mawili. La kwanza, mtusaidie mkataba uandikwe kwa Kiswahili, tuusome sentensi kwa sentensi kabla ya kuweka dole gumba. La pili, mtupatie mtu anayejua mambo haya, asiye wa kampuni wala wa benki, akae upande wetu siku ya mazungumzo. Wenzetu watakuja na mafundi wao, nasi tuwe na wetu.

Miaka kumi hakuna mama wa kikundi hiki aliyefungua sanduku peke yake. Na huko kwenye simu iwe hivyohivyo.