KITUI NA MAKUENI: MTO MMOJA, HALI MBILI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Katika mkutano uliopita lilitolewa neno lililotutia wasiwasi. Baadhi ya ndugu walisema kwamba kazi ya kibarua katika laini hii wapewe wenyeji wa Makueni tu, kwa kuwa reli imepita katika ardhi yao, na wale wanaovuka mto Athi kutoka Kitui warudi kwao. Ndugu wa Kitui wakajibu kwa ukali kwamba Makueni wameshiba: wana reli mbili, wana barabara kuu, wana kiwanda cha matunda, na bado wawanyima wenzao mkate. Makelele yakazidi na hatukupata azimio lolote. Ndipo kamati ikatuchagua sisi watatu, wawili wazaliwa wa Makueni na mmoja wa Kitui, tukatazame hali ya pande zote mbili na kuleta habari. Tulitumia siku zetu za mapumziko kwenda Wote, Kalamba, Mutomo na Kitui mjini. Haya ndiyo tuliyoyaona na tuliyoyasoma.

Kwanza tuanze na mambo ya kale, maana wengi wetu twadhani Kitui imekuwa nyuma tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo hata kidogo. Kabla ya reli, njia ya biashara ilikuwa Kitui. Mzee Kivoi, aliyekufa mwaka 1851, alikuwa akipeleka misafara ya pembe za ndovu mpaka Mombasa, na ndiye aliyempokea mmisionari Krapf. Ilikuwa huko Kitui, mwaka 1849, Krapf alipouona mlima Kenya. Siku hizo mtu wa pwani akisikia Ukambani aliwaza Kitui. Wote haikuwa na jina.

Ndipo reli ikaja. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud na Kima. Haikuvuka mto Athi kuingia Kitui. Wenye kuijenga walikuwa na haja ya kufika ziwani upesi, hawakuwa na haja ya kumtajirisha Mkamba wa upande huu wala wa upande ule. Tena mataruma yalipokuwa yakilazwa katika nchi yetu, njaa kuu ambayo wazee waliiita Ngomanisye ilikuwa ikiua watu. Basi tusisahau kwamba reli na njaa vilitufikia pamoja. Hakuna Mkamba aliyeulizwa reli ipite wapi. Mtu hawezi kujivunia jambo ambalo hakulichagua, wala hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Na ninyi ndugu wa Makueni, mwaulizwa swali: wenyeji ni nani? Sehemu kubwa ya Makueni ya chini ilikuwa pori lenye mbung'o. Katika miaka ya 1940, baada ya Vita Kuu ya Pili, pori lilifyekwa na watu wakahamishiwa huko kutoka vilima vya Machakos vilivyokuwa vimejaa. Wilaya ya Makueni yenyewe ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992. Kama kila mtu arudi alikotoka babu yake, mkutano huu utabaki na viti vitupu.

Sasa tutazame hali ya leo. Kitui ni nchi kubwa sana, yapata kilomita za mraba 30,000. Makueni ni kama 8,000 tu. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Maana yake ni kwamba Kitui watu wametawanyika. Kuwapelekea barabara, bomba la maji au zahanati ni gharama kubwa kuliko kuwapelekea watu wanaokaa karibu karibu. Kabla ya kumwita mtu mvivu, pima kwanza urefu wa njia yake.

Serikali ilipochunguza matumizi ya nyumba mbalimbali mwaka 2015 na 2016, ilionekana kwamba katika kila watu 100 wa Kitui, wapatao 47 au 48 walikuwa maskini. Makueni walikuwa wapatao 35. Hesabu ya nchi nzima ilikuwa 36. Basi ndugu wa Kitui wanasema kweli: tofauti ipo, nayo si ndogo. Lakini ndugu wa Makueni nao wana haki ya kuuliza: tukiwa na reli, na barabara ya Mombasa, na bado mtu mmoja katika kila watatu hana cha kutosha, hayo mwayaita kushiba?

Tulipotembea tuliona jambo jingine ambalo hesabu haisemi waziwazi. Tofauti kubwa zaidi ni kati ya mlima na tambarare. Mtu wa Mbooni au Kilungu, mwenye matuta mazuri na chemchemi, anafanana na mtu wa vilima vya Kitui kati. Na mtu wa Kibwezi, anayesikia honi ya garimoshi kila siku, anatafuta maji sawasawa na mtu wa Mutomo ambaye hajawahi kupanda behewa. Mvua ni ileile. Pande zote mbili hutegemea zaidi mvua za mwezi wa kumi na moja, na zile za mwezi wa tatu mara nyingi hudanganya. Ukame wa kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2023 haukuuliza mtu kitambulisho chake. Ng'ombe walikufa ng'ambo hii na ng'ambo ile.

Juu ya maji, Kitui wana la kutufundisha. Tangu miaka ya 1990 vijiji vingi huko vimejenga mabwawa ya mchanga, mamia kwa hesabu. Kazi yake ni hivi. Mahali ambapo mwamba uko karibu, watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto mkavu. Mafuriko huja na mchanga, na mchanga hujaa nyuma ya ukuta, mvua baada ya mvua. Maji hukaa ndani ya mchanga, jua lisiweze kuyanywa kama linavyoyanywa maji ya silanga. Mama huchimba kidogo akapata maji safi. Mawe hubebwa na watu wenyewe kwa mwethya, yaani ule ushirika wa kazi tuliourithi kwa wazee, ambamo leo tunalima kwako na kesho kwangu. Sisi twauliza: chama cha wafanyakazi ni nini, kama si mwethya wa watu wa mshahara?

Juu ya soko, Makueni wana la kufundisha. Zamani mkulima wa maembe alikuwa mikononi mwa dalali. Dalali alikuja na lori, akataja bei, na mkulima akakubali kwa sababu embe halingoji. Mwaka 2017 kiwanda cha kusindika matunda kilifunguliwa Kalamba, nacho ni mali ya serikali ya kaunti. Hakiwezi kununua maembe yote, lakini mkulima akiwa na mlango wa pili wa kubisha, dalali hujifunza adabu. Kitui zao lao kubwa la fedha ni ndengu, na mara nyingi bei bado inatoka kinywani mwa mwenye lori. Huko nako wamejaribu mambo yao. Mwaka 2018 kaunti ilifungua kiwanda cha kushona nguo, na mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mafundi wake walishona barakoa kwa wingi. Na barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imejengwa katika miaka hii ya karibuni. Siku hizi mtu wa Mutomo anafika stesheni ya Kibwezi bila kulala njiani. Hicho ndicho kinachowaleta vibarua wengi wa Kitui kwenye laini. Wameletwa na lami, nao wametafuta kazi kama sisi tulivyotafuta.

Juu ya matibabu, Makueni ilianzisha mwaka 2016 mpango ambao nyumba nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Watu wa kaunti za jirani walitazama na kutamani, na Kitui nayo ikaanzisha mpango wake baadaye. Angalieni jinsi jambo jema linavyovuka mto. Lingezuiliwa mpakani, nani angefaidi?

Na juu ya reli yenyewe, tuseme ukweli sisi tunaoijua. Zamani garimoshi lilisimama katika vituo vidogo, akina mama wakauza ndizi, machungwa na mayai madirishani. Ile reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 inapita juu ya vichwa vyetu katika madaraja marefu, na katika Makueni vituo vyake vya abiria ni Emali, Kibwezi na Mtito Andei tu. Mizigo yapita usiku na mchana kwenda Nairobi. Reli kupita katika ardhi yako si sawa na reli kukulisha. Kinachomlisha mtu ni kazi yenye mshahara wa haki, na mshahara wa haki hauletwi na mahali ulipozaliwa.

Hapa twaomba ruhusa tutoke nje ya nchi kidogo. Kuna watu wa namna mbili wanaofaa kufananishwa: watu wa Nepali na watu wa visiwa vya Hawaii. Nepali haina bahari. Imebanwa katikati ya India na China, ina milima mirefu kuliko yote duniani, na reli yake ya abiria ni kipande kifupi tu cha mpakani kilichofunguliwa upya mwaka 2022. Basi vijana wake huenda Ghuba na Malesia kufanya kazi, na fedha wanazotuma nyumbani ni zaidi ya sehemu moja kwa tano ya pato la nchi. Mtu wa Kitui akisikia hayo anajua habari yake mwenyewe.

Hawaii wao wana bahari, bandari, na walikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Je, bandari iliwashibisha wafanyakazi? La. Wenye mashamba waliwaleta Wachina, Wajapani, Wareno, Wakorea na Wafilipino, wakawalipa mishahara mbalimbali kwa taifa. Mwaka 1909 Wajapani walipogoma, watu wa mataifa mengine waliajiriwa kushika majembe yao, na mgomo ukavunjika. Miaka mingi ilipita hivyo, mara nyingi kila taifa na mgomo wake, kila taifa na kushindwa kwake. Mpaka mwaka 1946 walipojiunga wote katika chama kimoja, kile cha wapakizi wa bandarini kiitwacho ILWU. Waligoma watu wapatao 26,000, siku 79, wakala chakula cha jiko moja, wakashinda. Utajiri wa visiwa ulikuwako siku zote. Mfanyakazi alianza kuupata siku alipoacha kuuliza jirani yake ametoka wapi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 1938 serikali ya wakoloni ilipochukua ng'ombe wa wazee wetu wa Machakos kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza watu, waume kwa wake, wakaenda Nairobi na kukaa huko majuma mengi wakidai kumwona Gavana. Yeye alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa nguvu ulikomeshwa. Katika safari ile hakuna aliyeuliza ng'ombe huyu ni wa kilima gani.

Basi, ndugu, neno la kuwapa kazi wenyeji tu laonekana tamu, lakini tulifuate mpaka mwisho wake. Kibarua wa Kitui akifukuzwa leo hatalala njaa akinyamaza. Atarudi kesho kwa mlango wa nyuma na kukubali ujira wa chini. Nyapara atamchukua kwa furaha, na wewe mwenyeji utaambiwa ukubali ujira huo au uondoke. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena ukishakubali kwamba kazi ni ya Makueni tu, kesho utaambiwa ni ya Kibwezi tu, na kesho kutwa ni ya ukoo fulani tu.

Kwa hiyo sisi watatu, tukiwa na sauti moja, twaleta mambo manne ili mkutano uyakate:

Moja. Kazi ya kibarua itolewe kwa orodha na kwa zamu, orodha ibandikwe stesheni kila mtu aione, na mjumbe wa chama awepo inapoandikwa.

Mbili. Kazi sawa, ujira sawa, kwa mzaliwa wa ng'ambo hii na ya ile. Yeyote atakayepewa ujira wa chini alete habari kwa katibu siku ileile.

Tatu. Wanakijiji waliotoa ardhi kwa ajili ya reli na bado wana madai wasaidiwe na chama kuyaandika na kuyapeleka panapohusika. Hiyo ndiyo haki yao ya kweli, wala haimwondolei kibarua wa Kitui kitu.

Nne. Tawi lichague watu kutoka pande zote mbili, waende Kitui wakajifunze kazi ya mabwawa ya mchanga, kisha tufanye mwethya mmoja wa chama hapa karibu, ili wake zetu na watoto wapunguziwe safari ya maji.

Maji ya mto Athi hupungua wakati wa kiangazi, na watu huuvuka kwa miguu penye kina kifupi. Twawaomba tusifanye ukuta mahali ambapo hata maji yameacha njia wazi.

Umoja ni nguvu.