Fundo Zuri Huokoa Kamba na Watu

Watu wa Pwani walijua tangu zamani kwamba kamba njema bila fundo la kufaa ni bure. Mitepe ya Lamu na visiwa vya jirani, ambayo ilitoweka katika karne ya 20, ilishonwa mbao zake kwa kamba za makumbi ya nazi, wala haikupigiliwa misumari. Mabaharia walioweka roho zao juu ya kamba hawakuweza kulidharau fundo.

Fundo la kuvutia mzigo mzito lina masharti mawili: lishike imara wakati wa kuvuta, na lifunguke kwa mkono kazi ikiisha. Fundo la kawaida, lile afungalo kila mtoto, halitimizi sharti la pili. Likishavutwa kwa nguvu hukazana hata kamba ikatwe kwa kisu. Tena hupunguza nguvu ya kamba kadiri ya nusu, kwa kuwa nyuzi zake hupindwa ghafula. Ndiyo sababu kamba hukatika mara nyingi penye fundo.

Kwa kuburuta gogo liko fundo jepesi. Kamba huzungushwa gogo mara moja, na ncha yake hupitishwa nyuma ya kamba ya kuvutia. Kisha ncha hiyo hurudishwa na kusokotwa mara 3 au 4 juu ya sehemu iliyolizunguka gogo. Maksai wakivuta, misokoto hubanwa juu ya gamba la mti, na fundo hukaza. Uzito ukiondoka, hulegea lenyewe. Ili gogo lisiende upande, kamba huzungushwa kitanzi kimoja zaidi karibu na kichwa chake.

Lakini wema wa fundo hilo ndio hatari yake. Kamba ikilegea katikati ya mteremko, fundo laweza kufunguka na gogo likaporomoka. Basi mtu asisimame chini ya gogo, wala asiiruke kamba iliyokazwa, kwani ikikatika hurudi kwa kishindo na kuvunja miguu. Kabla ya kazi, msimamizi aikague kamba yote, shubiri kwa shubiri, atafute palipooza au kulika.

Wazee husema: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Maneno hayo ni kweli, ila kamba hiyo nayo yataka mkono unaojua kufunga.