TAREHE 28 JUNI: SIKU MOJA, MAMBO MENGI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafanyakazi wa mashamba, Rapsu, Isiolo)



Tumeombwa kusema machache juu ya siku hii ya leo, tarehe 28 Juni. Mtu atauliza, tarehe ni kitu gani? Wengi wetu hapa vitambulisho vyetu vyasema tulizaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa karani hakujua siku yenyewe, na mama alikumbuka tu ya kwamba ulikuwa mwaka wa njaa au mwaka wa mvua kubwa. Hata hivyo siku iliyoandikwa ina faida yake, kama tutakavyoona.

Wako watu wenye sifa waliozaliwa siku kama ya leo. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alizaliwa mwaka 1491. Jean-Jacques Rousseau, yule mwandishi aliyefundisha ya kuwa mamlaka ya kutawala ni mali ya watu wenyewe, alizaliwa Geneva mwaka 1712. Na mwaka 1940 alizaliwa Muhammad Yunus huko Chittagong, nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Huyu ni mwalimu wa uchumi aliyeanzisha benki ya kuwakopesha maskini fedha kidogo kidogo, hasa wanawake, akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2006 pamoja na benki yake. Mama zetu wa vyama vya kuchanga fedha watamwelewa upesi kuliko sisi wanaume. Lakini si hao waliotuleta chini ya mti huu.

Tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip alimpiga risasi mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, Franz Ferdinand, pamoja na mkewe Sophie. Dereva wao alikuwa amekosa njia, akasimamisha motokaa mbele ya kijana huyo. Mwezi mmoja baadaye vita vikaanza Ulaya, na mwezi wa Agosti vilikuwa vimefika kwetu, Waingereza wa Kenya wakipigana na Wajerumani wa Tanganyika.

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa pana habari ya kazi. Vita vya huku havikuwa na reli za kutosha wala barabara, na ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Mizigo ikabebwa na vichwa vya watu. Mwaka 1915 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu wawe wapagazi, na mshahara ukawekwa rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 wakasombwa kwa wingi kabisa kutoka Nyanza, Ukambani, Ukikuyu na kwingineko. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa chakula wasichokizoea, na kwa kuchoka. Waliotoka Kenya peke yake na kufa walipita 40,000. Jina la jeshi lao la wapagazi ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Leo watu huenda huko kununua vikapu na nguo, wala hawaulizi.

Na mishahara yao? Majina mengi yaliandikwa vibaya, au hayakuandikwa kamwe, na watoto wa marehemu hawakupatikana. Fedha nyingi zikabaki bila mwenyewe. Wako maofisa waliosema fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya Waafrika wa nchi hii, lakini Serikali ya Uingereza ilikataa kuzitoa. Wapagazi wakapata sanamu ya shaba pale Nairobi, katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue. Sanamu ni nzuri, hatusemi vinginevyo.

Miaka mitano kamili baada ya risasi ile, tarehe 28 Juni 1919, mkataba wa kumaliza vita ulitiwa sahihi Versailles, Ufaransa. Kwa mkataba huo Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza. Lakini ndani ya mkataba huohuo mlikuwa na sehemu nzima ya mambo ya kazi, nayo ndiyo iliyozaa Shirika la Kazi Duniani. Humo iliandikwa ya kuwa kazi ya mtu isihesabiwe kama bidhaa tu. Mwaka uleule shirika likapitisha huko Washington mapatano ya saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma katika viwanda. Mpagazi hakuwako Versailles wala Washington. Kenya iliingia katika shirika hilo mwaka 1964, baada ya Uhuru.

Tarudi nyumbani Isiolo. Wazee walioko hapa wanajua tunakokwenda. Tarehe 28 Juni 1963, siku 27 tu baada ya Madaraka, Daudi Dabasso Wabera, D.C. wa Isiolo, mmoja wa Waafrika wa kwanza kushika kazi hiyo, aliuawa kwa risasi upande wa Modogashe pamoja na chifu mkuu Haji Galma Dido. Wakati huo watu wa kaskazini walikuwa wanabishana kama nchi yao ibaki Kenya au iungane na Somalia. Nairobi iko Wabera Street, na makarani hupita humo kila siku wakidhani labda ni jina la mto.

Baada yao vikaja vita vya shifta mpaka mapatano ya Arusha ya mwaka 1967. Waborana huita siku zile Daba. Watu walikusanywa katika vijiji kama Garba Tulla na Merti, mifugo ikafa au ikapigwa risasi, na mwenye ngamia jana akawa kibarua leo. Jembe liliingia katika nyumba nyingi za wilaya hii kwa njia hiyo.

Basi ndugu, msimu uliopita wako wenzetu waliochimba mifereji na kuvuna vitunguu juma hata juma, na siku ya malipo mwenye shamba mmoja akasema hawajui. Hawakuwa na karatasi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima si kibarua wa siku tena, ana haki za mtu wa mwezi. Yasema pia ni wajibu wa mwajiri kuweka maandishi, na asipoweza kuyatoa mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Lakini nawe uwe na siku zako mkononi.

Kwa hiyo chama kimenunua daftari. Liko mezani kwa Katibu. Kila mtu ataje jina lake kama lilivyo katika kitambulisho, jina la mtu wa kumrithi, shamba, na tarehe aliyoanza kazi. Asiyejua kuandika ataandikiwa, ataweka kidole. Tutaanza na watu wa mfereji wa juu, maana wana safari ndefu kabla ya tembo hawajatoka.