Mimi ni Nani, na Nani Anauliza?



Mwaka 1997 Vaunne Ma na Thomas Schoeneman walichapisha utafiti uliolinganisha jinsi Wakenya na Wamarekani wanavyojieleza. Walitumia kipimo kilichobuniwa na Manford Kuhn na Thomas McPartland mwaka 1954: mhojiwa huulizwa "Wewe ni nani?" na hutakiwa kutoa majibu 20. Yapo majibu yanayotaja nafasi ya mtu miongoni mwa watu, kama vile mke wa fulani, wa ukoo fulani, wa rika fulani, na yapo yanayotaja tabia, vipaji au matamanio yake. Kwa Wasamburu, majibu ya aina ya kwanza yalikuwa asilimia 84. Kwa Wamaasai, 80. Kwa wafanyakazi wa Nairobi, 58. Wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya walifikia 17 tu, na wenzao wa Marekani 12.

Takwimu za namna hii hutolewa kama ushahidi kwamba Mwafrika ni mtu wa jamii na Mzungu ni mtu wa nafsi yake. Mimi nazisoma kinyume. Kama mpaka ungepita kati ya Afrika na Marekani, mwanafunzi wa Kenya angesimama jirani na Msamburu. Hakusimama huko. Kati yake na Mmarekani kuna tofauti ya pointi 5. Kati yake na Mmaasai, pointi 63. Hoja yangu basi ni hii: picha ambayo mtu anayo kuhusu nafsi yake hutokana na madai ambayo watu humletea kila siku, yaani wanamwita nani, wanamdai nini, wanamsifu na kumlaumu kwa lipi. Utamaduni hufanya kazi kupitia madai hayo, na yakibadilika, nafsi nayo hubadilika, hata kama mtu hajavuka mpaka wa nchi yake.

Tazama shule inavyofanya. Humpa mtoto daftari lake, namba yake ya mtihani na alama zake. Akimnong'oneza jibu mwenzake, msaada ambao nyumbani ungeitwa wema huitwa udanganyifu. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi aliyefika chuoni alikuwa amekwisha kupimwa peke yake kwa miaka 12. Si ajabu kwamba akiulizwa yeye ni nani hutaja bidii yake, akili yake na ndoto zake: hayo ndiyo aliyozoea kudaiwa. Kijana wa Kimaasai aliyelelewa nje ya shule amedaiwa mengine. Huingia umorani, yaani daraja la wapiganaji vijana, pamoja na rika lake, na katika sherehe ya eunoto hupanda daraja pamoja nalo. Akisema yeye ni wa rika fulani, msimdhanie amejificha nyuma ya kundi. Ametaja jambo linaloamua ataoa wakati gani, nani anaweza kumtuma na nani lazima amheshimu. Hiyo ni habari ya ndani kabisa kumhusu, pengine kuliko kusema "mimi ni mchangamfu".

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapambo ya nje tu, na kwamba nafsi yenyewe huja na mtoto tangu tumboni. Nakubali kwamba aibu, hasira na uchangamfu vina sehemu ya urithi. Mzazi yeyote wa watoto wawili analijua hilo. Lakini angalieni kinachotokea tunapojaribu kuipima nafsi hiyo tupu. Mtoto huwekwa alama kichwani bila kujua, kisha huonyeshwa kioo. Akiigusa alama, huhesabiwa kuwa amejitambua. Katika nchi za Magharibi wengi hufaulu wakikaribia miaka miwili. Tanya Broesch na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwapima hivyo watoto 82 nchini Kenya, wa miezi 18 hadi 72. Walifaulu wawili. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba mtoto wa miaka mitano, anayetumwa chumvi dukani na kurudi na chenji, hajijui, na watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Wengi walisimama tu wakikitazama kioo. Kwa maoni yangu, mtoto aliyefunzwa kusubiri kauli ya mkubwa alikuwa akiisubiri. Kipimo kilikuwa kimeshapanga, kimya kimya, ni nafsi ya aina gani inayostahili kuonekana.

Pingamizi zito zaidi linahusu uhuru: kama nafsi hutokana na madai ya watu, mtu atawapinga kwa lipi? Mwanafalsafa John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alieleza kwamba kwa Mwafrika mtu yupo kwa sababu wengine wapo. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria akaenda mbali zaidi, akidai kwamba jamii ndiyo inayomfanya mtu kuwa mtu, na Kwame Gyekye wa Ghana akamjibu kwamba jamii haiwezi kummeza mtu mzima-mzima, kwa maana mtu huyo huyo ndiye anayeweza kuikosoa. Gyekye yuko sahihi. Ila uwezo wa kukosoa hauhitaji nafsi iliyoundwa nje ya watu wote. Unahitaji watu wa aina zaidi ya moja. Mfanyakazi wa Nairobi, mwenye asilimia 58, hudaiwa na mwajiri kwa jina lililo kwenye hati ya mshahara, na ukoo humdai kwa jina la baba yake. Anaweza kumkatalia mjomba kwa kanuni za ofisi, na kumkatalia bosi kwa sababu ya msiba. Kila upande humpa mahali pa kusimama anapouhukumu mwingine. (Wastani unaweza kuficha makundi mawili yasiyofanana, ndiyo, lakini wanaoishi Nairobi hawatashangazwa na maelezo yangu.)

Hoja hii inaweza kuangushwa, na njia yake iko wazi. Mchukueni mhitimu wa chuo aliyerudi nyumbani kwa ajili ya posa, aketishwe mbele ya wazee, aulizwe kwa lugha ya mama yake yeye ni nani. Akijibu kama alivyojibu kwenye karatasi ya mtafiti, nitakuwa nimeshindwa.