Taa nisizoziona mwenyewe

Juma hili naomba tuzungumze habari ya kitu ambacho kila mwenye gari anacho, lakini ni wenye magari wachache mno waliowahi kukiona kikifanya kazi. Nakusudia taa za nyuma.

Habari hii niliingia kwa njia mbaya. Mwezi uliopita nilikuwa nikirudi Dar es Salaam kutoka Morogoro, na giza likanikuta karibu na Mlandizi. Bodaboda isiyo na taa ikakatisha barabara mbele yangu, nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Nyuma nikasikia honi ya lori, kisha matairi yakilia, kisha lori lenyewe likanipita upande wa kushoto, magurudumu yake yakiwa nje ya lami. Likasimama mbele kidogo katika vumbi lake. Dereva akashuka pamoja na utingo wake.

Nilitegemea matusi. Badala yake alizunguka nyuma ya gari langu, akasimama pale kwa muda, kisha akasema: "Mzee, kanyaga breki nione." Nikakanyaga. "Achia." Nikaachia. "Kanyaga tena." Halafu akaja dirishani. "Mzee wangu, taa zako zinawaka kwa nguvu wakati wote. Ukishika breki hakuna kinachobadilika. Mimi ningejuaje kama unasimama?"

Sikuwa na jibu. Siku tatu kabla ya safari hiyo nilikuwa nimelipeleka gari kwa fundi, akabadilisha balbu zote mbili za nyuma. Alipowasha taa niliona nyekundu pande zote mbili, tena kali kuliko zamani, nikamlipa na kumshukuru. Kumbe ule ukali nilioufurahia ndio uliokuwa kosa lenyewe.

Nieleze kidogo. Katika magari mengi madogo, hasa haya yetu ya siku nyingi, balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Mmoja ni wa wati 5, nao huwaka unapowasha taa za usiku. Wa pili ni wa wati 21, nao huwaka pale tu unapokanyaga breki. Anayekufuata hana habari nyingine yoyote juu ya mguu wako isipokuwa ile tofauti ya 5 na 21. Ubavuni mwa kitako cha balbu pana vijipini viwili, kimoja kimekaa juu kidogo kuliko mwenzake, na vimewekwa hivyo makusudi ili balbu iingie kwa namna moja tu. Lakini soketi iliyochakaa ikikutana na mkono wenye haraka, balbu huingia hata kinyume. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Uzi mkubwa uliwaka safari nzima, na nilipokanyaga breki ukaongezeka ule mdogo, sawa na mshumaa ulioletwa mbele ya karabai. Gari langu ni la zamani, halina ile taa ya tatu ya breki inayokaa juu kwenye kioo, ambayo Marekani ililazimisha katika magari madogo mapya tangu modeli za mwaka 1986. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Sijui ni mita ngapi zilizobaki kati yangu na lile lori, wala sitaki kuzihesabu.

Nilipomrudia fundi alinijibu, "Mbona ziliwaka, mzee?" Na kweli ziliwaka. Hakusema uongo. Wala mimi sikumwomba akanyage breki.

Basi Jumamosi ile kazi nikaifanya mwenyewe uani, nikiwa na bisibisi, kipande cha msasa, balbu mbili mpya na binti yangu wa kidato cha pili. Huyu alikalishwa kwenye kiti cha dereva, kazi yake ikiwa kukanyaga na kuachia. Nilizima taa, nikaziacha balbu zipoe, nikafungua buti na kusogeza zulia lake pembeni. Soketi huzungushwa kushoto ikatoka, na balbu husukumwa ndani kidogo, nayo ikazungushwa kushoto. Wakati wa kurudisha, kama balbu haitaki kuingia, usiilazimishe; itoe uigeuze. Uangalie pia kwamba imeandikwa volti 12. Ya lori ni ya volti 24, na katika gari dogo itawaka kama kaa linalokufa.

Upande wa kulia ulikubali mara moja. Wa kushoto ndio ulionitoa jasho. Balbu ilikuwa mpya na imekaa sawasawa, lakini binti alipokanyaga breki, taa nyekundu ilikuwa hafifu na indiketa nayo ikawaka kidogo bila kuitwa. Nilidhani nimeharibu kitu kikubwa. Kumbe ni ule waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari: nati yake ilikuwa imeshika kutu. Umeme unapokosa njia ya kurudi kupitia bodi, huitafuta kwenye nyuzi za balbu nyingine, ndiyo sababu indiketa ikajibu swali ambalo haikuulizwa. Nikafungua nati, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Sikununua kitu.

Kutu ile ililetwa na maji, na maji yaliingia kwa ufa wa kifuniko chekundu. Kwa hiyo nilinunua taa nzima ya mtumba, nikaifunga na mpira wake wa kuzuia maji. Hapo inatosha spana namba 10. Na kama kwako taa zote za breki zimekufa kwa pamoja, usikimbilie balbu. Tazama kwanza fyuzi, halafu ile swichi ndogo iliyo juu ya pedali.

Niseme na hili, maana linaniudhi. Wapo vijana wanaofunga taa nyeupe nyuma kwa ajili ya urembo, ziwake muda wote. Nyeupe nyuma maana yake gari linarudi nyuma. Anayekufuata usiku afanye nini?

Asiye na mtu wa kumkanyagia breki hana haja ya kuhangaika. Usiku arudishe gari karibu na ukuta, awashe taa, akanyage breki huku akitazama kwenye kioo. Ukuta ukiongezeka wekundu pande zote mbili, mambo ni mazuri. Mimi sasa nafanya hivyo kabla ya kila safari.

Jirani yangu, mwenye pikapu ya kubebea mbao, alikuwa akitutazama ugani kwake tangu asubuhi. Jioni akaja na pikapu yake. "Jirani, hebu na mimi nikanyagie." Tukakanyaga. Kimya, kushoto na kulia. Tulipozitoa balbu, vioo vyake vilikuwa vyeusi kama sufuria la kuni. Nikamwuliza tangu lini. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa kweli, jirani, tangu nilinunue sijawahi kutazama."

Aliinunua pikapu hiyo miaka minne iliyopita, na kila Ijumaa usiku huleta nayo mbao kutoka Rufiji.