Begi Moja la Mkononi: Mzigo Unaoujua Mwenyewe

Maelezo ya Afisa Uhusiano wa Polisi katika baraza la polisi na wananchi, Busia, upande wa Uganda



Niliombwa nizungumze juu ya usalama wa wasafiri. Nimechagua jambo ambalo huenda likawashangaza, nalo ni namna ya kusafiri kwa ndege ukiwa na begi moja dogo tu, lile unaloingia nalo ndani ya ndege na kuliweka kwenye kabati lililo juu ya kiti chako. Najua wapo watakaouliza polisi na kukunja nguo vinahusiana wapi. Nawaomba subira.

Sisi watu wa mpakani tumelelewa katika kubebeana. Hakuna aliyekulia Busia ambaye hajawahi kuambiwa, "Mwanangu, unavuka? Nishikie hiki umpe shangazi yako ng'ambo ya pili." Tangu miaka ya 1970 wenzetu wenye ulemavu wamejipatia riziki kwa kuvusha bidhaa za wafanyabiashara kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu. Hata baada ya Kituo cha Pamoja cha Mpakani kuzinduliwa rasmi mwaka 2018, bado mkate wa wengi wetu umo katika kubeba cha mwingine. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ni utu, na ndiyo iliyowalea wengi waliomo humu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini kanda hilo la usufi likifikishwa uwanja wa ndege, huenda likawa jiwe la kukufunga shingoni. Vijana wetu wanaondoka kwenda Ghuba na kwingineko wakiwa na moyo ule ule wa Busia, nao wanakutana na watu wanaoujua vizuri moyo huo.

Nianze na nafsi yangu, maana si haki kuwaonya wengine huku nikijificha. Mwaka 2011 nilipelekwa ng'ambo kwa mafunzo ya wiki tatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege, na habari zilienea mtaani kabla sijapewa hata tiketi. Nikanunua sanduku kubwa. Nguo zangu zilijaza nusu yake, na nusu iliyobaki ikajazwa na majirani. Kulikuwa na unga, kahawa, vitenge, na kifurushi kimoja kilichoshonwa kwa kitambaa, alichoniletea mzee mmoja ninayemheshimu ili nimpelekee mwanawe. Sikukifungua. Ningemfungulia mzee kama huyo kifurushi mbele ya macho yake?

Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege nikaulizwa swali ambalo kila msafiri huulizwa: "Mzigo huu umeufunga mwenyewe? Kuna mtu aliyekupa kitu umpelekee mwingine?" Mimi, askari niliyekula kiapo, nikajibu kwamba nimeufunga mwenyewe na sikupewa kitu. Nilisema uongo kwa sababu niliona haya, na kwa sababu foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Usiku ule ndani ya ndege sikulala. Nilikuwa nikijiuliza kama ningeweza kumwambia hakimu wa nchi ya kigeni kilichokuwa ndani ya kitambaa kile. Nisingeweza.

Sanduku lenyewe halikufika siku ile. Lilibaki katika uwanja tuliobadilishia ndege, nami nikahudhuria darasa siku mbili kwa shati moja nililolifua usiku bafuni. Lilipoletwa, nilikifungua kile kifurushi kwa mikono inayotetemeka. Kilikuwa na dagaa, hawa tunaowaita mukene upande huu na omena upande wa pili. Harufu yake iliingia katika kila shati. Nilicheka peke yangu, lakini kicheko hicho hakikunifurahisha. Kama badala ya dagaa kungekuwa na unga mwingine, sidhani kama leo ningekuwa nimesimama mbele yenu.

Sheria za huko hazina mzaha. Nchini China, sheria inaruhusu adhabu ya kifo kwa anayesafirisha heroini ya gramu 50 au zaidi. Gramu 50 ni uzito wa yai dogo la kuku. Mwaka 2014 raia wawili wa Uganda waliuawa huko kwa hukumu ya mahakama katika makosa ya dawa za kulevya. Saudi Arabia, ambako wengi wenu mna watoto, nayo inaendelea kutekeleza adhabu hiyo. Na wanaowatuma watu wetu hawawaambii, "Nenda ukauze unga." Humwambia binti, "Tumekugharimia tiketi, na hili ni begi jipya, zawadi yetu kwako." Begi hilo lina sakafu mbili, au viatu vya zawadi vina soli nene kupita kawaida. Wengine humfuata msafiri foleni wakimwona ana sanduku moja, wakamwomba kwa unyenyekevu awasaidie kuandikisha sanduku lao kwa jina lake, eti wao wamezidisha kilo. Sanduku likishapewa lebo yenye jina lako, mtu wa kwanza kutafutwa ni wewe. Yule mwombaji hutamwona tena.

Huenda mtu akasema, "Afande, mimi nitafunga mwenyewe, nitakataa vya watu, kisha nitakabidhi sanduku langu." Ni vizuri, lakini sikilizeni lililowapata wanawake wawili wa Brazil mwezi Machi 2023. Walikabidhi masanduku yao kwa njia halali, wakaelekea Ujerumani kutalii. Katika uwanja wa Guarulhos, São Paulo, wahalifu waliokuwa na watu wao miongoni mwa wafanyakazi waliziondoa lebo za masanduku yao na kuzibandika kwenye masanduku mengine yaliyojaa kokeini, kiasi cha kilo 40. Wanawake hao walikamatwa Frankfurt kabla hawajaendelea na safari yao. Walikaa kizuizini siku 38 hadi picha za kamera za uwanja zilipothibitisha kwamba hawakuwa na hatia. Hawakubeba cha mtu. Kosa pekee, kama ni kosa, ni kwamba masanduku yao yalipita mahali ambapo macho yao hayakufika.

Ndiyo maana nawaambieni juu ya begi la mkononi. Halina lebo ya kubadilishwa, halipotei njiani, na halina nafasi ya kifurushi cha jirani. Hapa ndipo linapotusaidia sisi wenye haya. Si rahisi kumwambia mzee, "Sikuamini." Lakini kumwambia, "Mzee wangu, nimeruhusiwa kilo saba tu, tazama mizani," ni rahisi, ni kweli, na hakuna anayevunjiwa heshima.

Kilo 7 ndiyo kadiri ya mashirika mengi ya ndege kwa abiria wa daraja la kawaida. Machache huruhusu 10 au 12. Soma tiketi yako, usimsikilize jirani. Vipimo vya begi huwa ni karibu sentimita 55 kwa urefu, 40 kwa upana na 20 na kitu kidogo kwa unene. Begi lenye magurudumu na vyuma hula kilo mbili au tatu kabla hujaweka hata leso, kwa hiyo afadhali begi la mgongoni la kitambaa imara. Linunue mwenyewe. Lipime likiwa tupu, kwa mizani ile ile mnayopimia maharagwe na kahawa. Begi tupu linalokushangaza kwa uzito lina jambo, na ukilipapasa chini na pembeni utalijua.

Nguo nzito zivae mwilini: koti, suruali ngumu, viatu vikubwa. Ndani weka mashati matatu au gauni tatu zinazokauka upesi, nguo za ndani, kandambili na leso. Zikunje kwa kuziviringisha kama mkeka, maana zikiviringishwa hazichukui nafasi kubwa. Sabuni iwe ya kipande, kwa sababu ya maji itakuletea maneno. Baada ya njama ya kulipua ndege kwa vimiminika kugunduliwa nchini Uingereza Agosti 2006, viwanja vingi duniani vilikuja kuweka sharti la kuruhusu vimiminika katika vichupa visivyozidi mililita 100 kila kimoja, vyote vikae katika mfuko mmoja angavu wa lita moja. Viwanja vichache vyenye mashine mpya vimelegeza sharti hilo, lakini hujui utabadilishia ndege wapi.

Akina mama, hili nalisema kwenu hasa: mashine haitofautishi mapenzi ya mama na jeli. Siagi ya karanga, ile ya simsim, asali na samli vyote huhesabiwa kuwa vimiminika. Niliwahi kumwona kijana akinyang'anywa mkebe wa siagi ya karanga aliyosagiwa na bibi yake, akasimama pale akitazama ukitupwa kwenye pipa. Mpeni karanga zilizokaangwa, zinapita. Nyama na maziwa msimpe anayekwenda nchi za Umoja wa Ulaya, maana haviruhusiwi kuingia huko kutoka kwetu.

Kisu, wembe wa wazi na mkasi mrefu viacheni nyumbani. Pawabenki, kinyume chake, ni lazima iwe katika begi la mkononi. Betri za aina hiyo zikishika moto chini mizigoni hakuna wa kuzizima, lakini ndani ya ndege wahudumu wanaweza kuzifikia. Kikomo ni wati-saa 100. Zile zenye maandishi 20,000 mAh zinazouzwa madukani mwetu ni kama wati-saa 74, kwa hiyo zinakubalika. Ile isiyo na maandishi yoyote huenda ukanyang'anywa.

Dawa za hospitali zibaki katika paketi zake, pamoja na barua ya daktari. Katika Falme za Kiarabu, dawa za maumivu zenye tramadoli au kodeini huhitaji kibali. Mtu anaweza kulala rumande kwa vidonge alivyopewa na duka la dawa la mtaani kwa ajili ya mgongo. Na kuhusu mairungi, kumbukeni kwamba jani moja hubadilika jina likivuka mstari. Nchini Kenya ni zao halali la mkulima, Tanzania ni dawa ya kulevya kisheria, Uingereza imelipiga marufuku tangu 2014, na Ghuba ni njia ya jela. (Sheria yetu sisi siielezi hapa. Mnaisikia kwangu kila mwezi, na wengine wenu mnakohoa nikiitaja.) Kung'uteni mifuko ya koti kabla ya kuondoka. Wanaovuka kwenda kupanda ndege Kisumu au Nairobi wasifunge vitu kwa kavera. Kenya imeikataza mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017.

Pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, mkataba wa kazi na fedha visikae kabatini juu ya kiti. Vikae mwilini, katika kifuko cha ndani ya nguo. Acha nakala kwa mtu wa nyumbani. Ukiwa uwanjani, anayesema, "Dada, nishikie kidogo, naenda msalani," mwelekeze kwa mlinzi. Nawe usimwachie mtu begi lako, hata akiwa anazungumza lugha ya kwenu. Hasa akiwa anazungumza lugha ya kwenu.

Nimeulizwa, na kwa haki, mtu anayekwenda kufanya kazi miaka miwili atawezaje kuishi kwa kilo saba. Nimewauliza waliorudi. Wengi waliofanya kazi za nyumbani wanasema walipewa sare na mwajiri, na kwamba vitenge walivyobeba vilikaa sandukuni mpaka siku ya kurudi. Hata hivyo sisemi ni sheria. Mama anayesafiri na mtoto mchanga, au mwanafunzi anayekwenda kwenye baridi kali, anaweza kulazimika kukabidhi sanduku. Basi alifunge yeye mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, alipige picha likiwa wazi na likiwa limefungwa, aipige picha ile lebo pia, na stakabadhi yake aitunze kama pasipoti. Na kabla ya hayo yote ahakikishe kampuni inayompeleka ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kampuni isiyo na leseni haiwezi kukutetea ukikamatwa, maana yenyewe inajificha.

Ukishapewa kitu na moyo ukasita, njoo kwetu kabla hujasafiri. Anayeleta kifurushi cha kutiliwa shaka kituoni kwa hiari yake, akamtaja aliyempa, tutampokea kama msaidizi wa kazi yetu, na jina lake halitasemwa sokoni.

Kwenye meza ya polisi jamii, karibu na lango la soko, tumeweka mizani. Kuanzia wiki hii yeyote anayesafiri anaweza kuja kupima, bila malipo na bila kuandikwa jina. Nawe mama uliyenieleza asubuhi kwamba binti yako anaondoka Jumatano na begi alilonunuliwa na wakala, mlete leo jioni pamoja na begi hilo. Lije tupu.