Mahindi ya kuvu na maziwa ya Tanga

Msikilizaji, jibini ngumu ikiota kuvu, unaweza kukata pale palipoharibika, ukaenda ndani kama sentimita mbili na nusu, ukala iliyobaki. Mahindi hayana ruhusa hiyo. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi, 20 kati yao wakafariki. Sumu ile haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi, hata ugali uive vipi.

Kwetu Tanga unyevu hauishi. Gunia likilazwa sakafuni na kuegemezwa ukutani, punje za chini hushikana na kugeuka rangi ya kijani. Na hapa ndipo panaponiuma: mahindi hayo wengi hawayatupi, humpa ng'ombe. Mkoa huu unasifika kwa maziwa, na sehemu ya sumu anayokula ng'ombe hutokea kwenye maziwa yake, wala kuyachemsha hakuiondoi. Wanaoyanywa zaidi ni watoto.

Wafugaji wa Muheza na Pongwe, anikeni mahindi juu ya turubai mpaka yakauke kabisa, magunia yawekeni juu ya chaga. Yaliyokwishaota kuvu, yafukieni.